Panton alisanifu chumba, sisi tukanunua kiti

Tarehe 13 Februari mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 100 tangu msanifu Verner Panton azaliwe Gamtofte, kwenye kisiwa cha Funen nchini Denmark. Kila anapotajwa sasa, picha zinazosambazwa ni zilezile: kiti chekundu cha plastiki kilichojipinda kama herufi S, kimewekwa peke yake katika chumba cheupe, au taa yake ya Flowerpot ya manjano ikining'inia juu ya meza ya mbao nyepesi. Maelezo yanayoambatana nazo nayo hayabadiliki, kwamba huyu alikuwa mwasi mcheshi wa miaka ya 1960 aliyewaletea rangi watu waliozoea mbao. Heshima hiyo inatolewa kwa nia njema, lakini inamgeuza Panton kichwa chini. Katika makala haya nitatetea hoja kwamba yeye hakuwa mbunifu wa vitu vyenye rangi. Alikuwa msanifu wa mwanga, rangi kwake ilikuwa sehemu ya mwanga huo, na kipimo cha kazi yake kilikuwa chumba kizima, kuanzia sakafu hadi dari. Kiti kimoja chekundu ndani ya chumba cheupe ni jambo ambalo kazi yake yote ililipinga.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima turudi mahali alipofundishwa. Panton alisoma usanifu majengo katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa jijini Copenhagen kuanzia mwaka 1947 hadi 1951, na kati ya 1950 na 1952 alifanya kazi katika ofisi ya Arne Jacobsen, msanifu mashuhuri wa Denmark, wakati ambapo ofisi hiyo ilikuwa ikihangaika na kiti kinachoitwa Chungu, kwa jina la yule mdudu mdogo, chenye kikalio na kiegemeo vilivyotokana na bao moja la tabaka za mbao zilizobanwa na kukunjwa. Hapo alijifunza wazo ambalo halikumtoka tena maishani, yaani kwamba kiti kinaweza kuwa kipande kimoja. Hata hivyo, mtu aliyemwathiri kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, hakuwa Jacobsen bali Poul Henningsen, ambaye binti yake wa kambo ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Panton. Henningsen alikuwa akitengeneza taa tangu miaka ya 1920 kwa swali moja tu: mwanga wa balbu ya umeme uongozwe vipi ili usichome macho, na uangukie pale unapohitajika? Taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 ina jambo ambalo wengi wanaoitundika juu ya meza zao hawalitambui. Ndani yake kuna sehemu ndogo zilizopakwa rangi nyekundu na buluu, kwa sababu Henningsen alizingatia kwamba jicho la binadamu ni dhaifu katika ncha hizo mbili za spektra, yaani mfululizo wa rangi za mwanga kama tunavyouona katika upinde wa mvua, na hivyo zinahitaji kuongezewa nguvu. Rangi katika taa hiyo haikuwekwa ili ipendeze. Ni sehemu ya hesabu ya mwanga.

Panton alilichukua somo hilo na kulipanua hadi likajaza nyumba. Mwaka huohuo wa 1958 alipewa kazi ya kupamba upya mkahawa wa nyumba ya wageni ya Komigen, iliyokuwa ikiendeshwa na wazazi wake kisiwani Funen, na ambayo jina lake lina maana ya «njoo tena». Aliifanya yote iwe nyekundu. Kuta, vitambaa vya meza, mavazi ya wahudumu na mito ya viti vyote vilikuwa katika viwango mbalimbali vya wekundu, na humo ndimo kilimozaliwa kiti chake cha umbo la koni, ambacho kwa Kidenmark kimepewa jina la kile kifuko cha karatasi kilichosokotwa, kama kile ambacho muuza karanga wa mtaani hutufungia. Anayekitazama kiti hicho leo katika duka la samani za kale hukiona kama kituko cha umbo. Ndani ya Komigen hakikuwa kituko hata kidogo, kwa kuwa palikuwa na wekundu pande zote na jicho halikuwa na mahali pa kukilinganisha na kitu kingine. Mgeni aliyeingia hakuona kwamba kuna viti vyekundu, bali aliingia ndani ya wekundu wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote, na Kiswahili kinaweza kutusaidia kuiona. Lugha yetu huzitaja rangi nyingi kupitia vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau na chungwa ni matunda tunayoyafahamu sokoni. Ndani ya maneno hayo kuna dhana kwamba kitu hutangulia na rangi hufuata, kama vazi juu ya mwili. Panton alifanya kazi akielekea upande wa pili. Kwake rangi ilitangulia, ikajaza nafasi, kisha kiti, zulia na taa vikachongwa kutokana nayo. Ndiyo maana mara nyingi alizipanga rangi zinazofuatana katika spektra, kutoka buluu kwenda zambarau, kutoka zambarau kwenda nyekundu, kutoka nyekundu kwenda chungwa, na hakutegemea sana ile mbinu rahisi ya kugonganisha rangi zinazopingana ili jicho lishtuke. Mpangilio wa namna hiyo hautokani na uasi wala ucheshi. Ni nidhamu kali, inayokaribia ile ya mtunzi wa muziki anayehama kutoka sauti moja hadi ya jirani yake bila kuruka.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni maonyesho ya Visiona 2 ya mwaka 1970. Kampuni ya kemikali ya Bayer ilikuwa na desturi ya kukodi meli juu ya mto Rhine wakati wa maonyesho ya samani mjini Cologne, na ikampa Panton nafasi hiyo mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 1970. Katika mara ya pili alijenga chumba ambacho hakikuwa na sakafu, kuta wala dari kwa maana ya kawaida. Maumbo ya sponji yaliyofunikwa kitambaa yalijipinda kutoka chini, yakapanda pembeni na kukutana juu, na kutengeneza pango ambamo mtu angeweza kuketi, kulala au kuegemea popote. Rangi zilibadilika polepole kutoka buluu nzito hadi wekundu mkali, na taa zilifichwa ndani ya mpangilio huo hata ikawa vigumu kusema mwanga unatokea wapi na rangi inaanzia wapi. Hakuna kitu hata kimoja katika chumba hicho ambacho ungeweza kukiondoa na kukipeleka nyumbani kwako kikabaki na maana ileile. Hata hivyo, wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hiyo ndiyo kilele cha kazi yake, na katika hilo mimi sina ubishi nao.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Hamburg, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba wazo hilo lingeweza kuhimili maisha ya kila siku ya watu waliokuja kazini, wala si ya watalii wa maonyesho. Katika jengo la wachapishaji wa jarida la Der Spiegel alisanifu ukumbi wa kuingilia, kantini, baa na bwawa la kuogelea, akitumia rangi za chungwa, nyekundu na zambarau, na akazifunika dari na kuta kwa safu za taa. Bwawa liliteketea kwa moto. Kantini ilidumu kwa miongo kadhaa, ikatambuliwa kuwa urithi unaolindwa, na wachapishaji walipohamia jengo jipya mwaka 2011 sehemu yake ilipelekwa katika Museum für Kunst und Gewerbe, jumba la makumbusho ya sanaa na ufundi la mjini humo. Waandishi wa habari waliokula chakula cha mchana humo kwa zaidi ya miaka 40 ni hoja nzito dhidi ya wale wanaosema kwamba vyumba vya Panton ni vya kutazamwa tu, kwa sababu watu hao walikuwa wakiishi ndani yake.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini tunamkumbuka kwa kiti? Sehemu ya jibu iko katika historia ya kiti chenyewe, ambayo ni ndefu na yenye maumivu. Panton alikuwa na wazo la kiti cha kipande kimoja kisicho na miguu ya nyuma tangu miaka ya 1950, lakini ilimchukua miaka mingi kupata kampuni iliyothubutu. Familia ya Fehlbaum, wenye kampuni ya Vitra nchini Uswisi, ndiyo iliyokubali, na mwaka 1967 viti vya kwanza vikatoka, vikiwa vya poliesta iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo na kumaliziwa kwa mikono. Mwaka 1968 wakahamia povu gumu la poliurethani, lililohitaji kusuguliwa na kupakwa rangi. Kuanzia 1971 wakatumia plastiki ya jamii ya polisterini, inayoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu, ambayo ilipunguza gharama sana. Plastiki hiyo haikustahimili kuzeeka. Viti vilianza kuvunjika, na mwaka 1979 uzalishaji ukasimamishwa. Vilirudi katika miaka ya 1980 vikiwa tena vya povu la poliurethani, na toleo la plastiki ya polipropileni, lililokaribia ndoto ya awali ya kiti cha kiwandani chenye bei nafuu, lilitoka mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Panton kufariki. Katikati ya safari hiyo, mwezi Januari 1995, mwanamitindo Kate Moss alitokea katika jalada la toleo la Uingereza la jarida la Vogue akiwa amekikalia. Tangu siku hiyo kiti kikawa picha, na picha haihitaji chumba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa pana jambo la kutafakari. Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kile tunachokipanga kwa mamia kwenye harusi, misiba na mikutano ya hadhara kuanzia Mombasa hadi Mbeya, ni ndugu wa wazo lilelile. Sisemi kwamba kilitokana na Panton moja kwa moja, kwa kuwa wabunifu kadhaa wa Ulaya walikuwa wakikimbizana na lengo hilo katika miaka ya 1960, na kiti cha miguu minne ambacho viwanda vya dunia nzima vilikuja kukiiga kina uhusiano wa karibu zaidi na kile cha Mfaransa Henry Massonnet cha mwaka 1972. Ila ni kweli kwamba ahadi ya kiti kinachotoka kwenye kalibu kikiwa kimekamilika, cha bei ambayo kila mtu anaimudu, kinachobebwa kwa mkono mmoja na kuoshwa kwa maji, imetimizwa katika viwanja vyetu vya shughuli, wakati kiti cha Panton chenyewe kinauzwa kwa mamia ya yuro. Anayetaka kujua ni nini kilichokuwa cha kipekee kwa Panton asikitafute katika plastiki wala katika kipande kimoja, maana hayo wengine waliyafikisha mbali zaidi.

Sasa tuzipime hoja za wanaomwona kwa jicho tofauti. Wapo wanaosema kurudi kwa taa na viti vyake ni hamu ya kale tu, kwamba kizazi kilichochoshwa na vyumba vya kijivu kinatafuta kumbukumbu ya miaka ambayo hakikuiishi. Hoja hiyo ina ukweli. Taa ya Flowerpot ya mwaka 1968 na Panthella ya mwaka 1971 zinatengenezwa leo hata kwa matoleo madogo yasiyo na waya, yanayochajiwa kama simu na kuwekwa juu ya meza za migahawa, na sina shaka kwamba wanunuzi wengi wanavutiwa na umbo tu. Ila hamu ya kale haielezi kwa nini ni taa hizi hasa zilizodumu, ilhali mamia ya taa nyingine za rangi za wakati uleule zimeishia jalalani. Jibu liko katika utendaji wake. Flowerpot ni nusutufe mbili zinazotazamana, ya chini ikiwa ndogo na imewekwa ili ifiche balbu machoni pa aliyeketi, huku ikirudisha mwanga juu kwenye uso wa ndani wa ile kubwa. Panthella haina tu kofia ya mviringo inayotawanya mwanga, kwani hata mguu wake uliopanuka kama tarumbeta huupokea mwanga huo na kuuteremsha hadi mezani. Huyo ni Henningsen anayezungumza kupitia Panton.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wale wanaotazama plastiki na fedha iliyoigharimia. Visiona ilikuwa tangazo. Bayer ilitaka kuuza nyuzi zake za sintetiki, na pango lile la ajabu lilijengwa kwa bidhaa zake. Panton hakuficha furaha yake juu ya vifaa vipya, na sijaona dalili kwamba alijiuliza sana vitaishia wapi. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipandisha bei ya malighafi na kuivunja imani iliyokuwepo juu ya plastiki, na sisi tunaookota mifuko na chupa kwenye fukwe zetu tunajua kwamba kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi ya bei. Sitaki kumtetea mahali ambapo hatetewi. Polipropileni safi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena, lakini sponji iliyogandishwa na kitambaa cha sintetiki haiwezi kwa urahisi, na kazi zake zilizo bora zaidi ni za aina hii ya pili. Hata hivyo, hoja hii inagusa vifaa, haigusi wazo. Komigen ilikuwa ya vitambaa, rangi na taa. Chumba kilichofikiriwa kama mwanga mmoja kinaweza kujengwa kwa sufi, udongo na chokaa, na yule atakayekijenga hivyo atakuwa mwanafunzi mwaminifu wa Panton kuliko anayenunua kiti kipya cha polipropileni kwa sababu tu kinaweza kuyeyushwa tena.

Iliyo dhaifu zaidi ni ile hoja inayorudiwa mara nyingi, kwamba rangi za Panton ni za kitoto na zinakwenda kinyume na tabia ya Kidenmark, ambayo eti ni mbao, ngozi na utulivu. Kwanza, inasahau nafasi ya mwanga katika nchi ile. Mwezi Desemba mchana wa Copenhagen hudumu takriban saa 7 tu, na kilichobaki ni giza. Watu wanaoishi hivyo huupima usiku kwa taa, na historia ya ubunifu wa Denmark isiyowapa taa nafasi sawa na viti ni historia nusu. Pili, inadhani kwamba mbao ni ukweli na rangi ni kujipamba, ilhali kijivu cha kuta za ofisi na weupe wa kuta za nyumba za kisasa navyo vimechaguliwa na mtu, vikapakwa kwa brashi. Panton alilalamika kwamba watu wengi hupitisha maisha yao katika ukijivu na ukahawia, wakiogopa rangi kupita kiasi. Wengi hulisoma lalamiko hilo kama mwito wa kusherehekea. Mimi nalisoma kama madai ya msanifu kwamba kutochagua rangi nako ni kuchagua, na kwamba mtu aliyechagua anapaswa kuwajibika kwa athari yake juu ya wanaoishi humo. Si mtoto anayefikiri hivyo. Tatu, inapuuza kwamba Jacobsen na Henningsen, wawili ambao hakuna anayewaita wageni katika utamaduni huo, ndio waliomlea. Nilipopata bahati ya kukaa kwa jioni moja chini ya taa ya Panthella katika nyumba ya rafiki, kilichonigusa hakikuwa rangi yake, maana ilikuwa nyeupe. Ni jinsi nyuso zetu zote zilivyoonekana vizuri, bila kivuli kikali puani wala mwako machoni.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, inabadilisha tunachopaswa kukidai kutoka kwa wanaomwenzi. Jumba la makumbusho linalopanga viti vyake juu ya majukwaa meupe chini ya taa za dari linaonyesha maganda. Afadhali chumba kimoja kidogo kilichojengwa upya kwa ukamilifu, hata kama kitachukua nafasi ya vitu 30, kwa sababu ndani yake mgeni ataelewa kwa dakika tano kile ambacho vibao vya maelezo haviwezi kumfikishia. Jumba la Trapholt mjini Kolding lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake mwezi Septemba 1998, siku chache tu baada ya kifo chake, na maonyesho hayo yalipewa jina linalotaja mwanga na rangi. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi juu yake. Jina hilo halikutaja viti.

Lipo pia jambo la kiufundi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Vyumba vya Panton vilipangwa chini ya balbu za zamani za waya, ambazo mwanga wake una wekundu mwingi, na rangi zake za nyekundu, chungwa na zambarau zilichaguliwa kwa mwanga huo. Balbu hizo zimeondolewa katika masoko ya Ulaya, kwa sababu nzuri za matumizi ya umeme, na nafasi yake imechukuliwa na LED. Balbu nyingi za LED za bei ya chini hazionyeshi vizuri wekundu ulioiva, na chini yake kitambaa kilichokuwa kikiwaka huonekana cha kahawia, kama kimefubaa. Mtu anaweza kukihifadhi kila kipande cha kantini ya Hamburg, kukisafisha na kukirekebisha kwa uangalifu wote, kisha akakiangamiza kwa kubadilisha balbu. Wahifadhi wa kazi zake wanapaswa kuchukulia aina ya mwanga kuwa sehemu ya kitu kinacholindwa, waiandike katika kumbukumbu zao pamoja na vipimo na vifaa, na pale ambapo LED haikwepeki wachague zile chache zinazotunza wekundu, hata kama ni ghali. Aliyenunua Flowerpot nyekundu kwa ajili ya nyumba yake anaweza kuanza na jaribio dogo zaidi: azizime taa nyingine zote chumbani, aiwashe hiyo peke yake, kisha atazame ukutani badala ya kuitazama taa.